Mwiko wa Bi Sikudhani

Ofisini wanataka namba.
Wanaitaka kabla ya Ijumaa, moja tu, isiyo na "labda":
changu wamebaki wangapi?

Nina rejista ya jalada la buluu.
Aprili yote imelowa, wino umekimbilia pembeni.
Juni mizani iliharibika, nikaandika "ndoo mbili", "ndoo na nusu",
na ndoo zenyewe hazilingani.
Agosti nilikuwa Temeke, namuuguza mama.
Wanaoshusha Kunduchi usiku sijapata kuwaona,
wala wale wa Mjimwema wanaouza kwa simu boti ingali majini.
Wenye nyavu za macho madogo hawaisubiri rula yangu.
Niseme kweli? Nimehesabu samaki
kama mtu anayehesabu wageni wa harusi
akiwa amesimama mlango wa uani.

Siku ile nilikwenda majikoni, pale Feri, kwa njaa tu.
Bi Sikudhani kajifunga khanga kifuani, moshi umemkaa machoni,
karai lake lile lile, la tangu mtaa wao haujapata umeme.
"Wewe wa rula, leo umepima nini?"
Nikamwambia, mama, hata sijui ninachopima.
Akacheka, akageuza samaki.

"Mimi sina daftari. Nina karai.
Nilipomwachisha Mwanaidi ziwa, changu mmoja alilijaza hili,
mkia unaning'inia nje, mbichi.
Mwanaidi alipoanza shule, wakaenea wawili.
Alipoolewa, wanne.
Hebu hesabu."
Nikahesabu. Tisa.

"Na jingine. Zamani nikipasua tumbo nakuta mayai,
nayakaanga pembeni, wanangu wamekulia hayo.
Siku hizi napasua, utumbo mtupu.
Mwali hajatolewa nje, tumeshamzika."

Nikaweka sahani chini.

Wiki tano tulifanya kazi, yeye anapasua, mimi napima.
Wenye mayai huku, wasio nayo kule,
paka wa soko katikati, hana upande.
Chini ya urefu fulani hatukukuta yai hata moja.
Bi Sikudhani akaulaza mwiko wake mezani,
akautia pengo kwa kisu:
"Asiyefika hapa, mwiko."

Kesho yake akanunua wadogo.
Nilimwona. Akaniona.
"Mteja ana buku tu, na anataka samaki mzima, si kipande.
Halafu huyu ameshakufa. Nikimrudisha majini atafufuka?"
Sikuwa na la kusema.
Alama tuliiweka mwisho wa safari,
penye mafuta ya moto.

Ndipo akachonga mwiko wa pili, akampa Pazi, mtoto wa dada yake.
Pazi aliugeuzageuza kama hati ya mahakama.
"Mimi nimwachie mdogo, boti ya nyuma imchukue?"
Shangazi mtu, hakumjibu; mimi nikajifanya natafuta kalamu.
Akaufunga kwa kamba karibu na kopo la kukumbia maji,
bila kuahidi.

Jumanne alishusha changu kumi na mmoja, wote wamepita pengo.
Wiki ya nyuma alishusha zaidi ya sitini, vidole vitupu.
Ni mwiko? Ni bahati? Ni bamvua?
Sijui. Nimeandika: kumi na mmoja.
Pembeni nimeandika pia kwamba Pazi alikopa hela ya mafuta,
ingawa rejista haina safu ya hilo.

Ijumaa nilipeleka karatasi moja.
Penye namba: sijui.
Chini yake: lakini wanazidi kuwa wafupi,
na tukingoja mpaka nijue, hatutakuwa na cha kujua.

Bwana Kahatano aliisoma mara mbili.
Akaizungushia "sijui" duara jekundu.
"Chanzo cha takwimu?"
Karai, nikasema.

Hakucheka.
Alivua miwani, akauliza hilo karai lina upana gani.

Sijalipima.